Kuku Hawamezi Kidonge

Mkonze, Dodoma
11 Februari 1994

Mwanangu Rahimu,

Assalaam alaykum. Shangazi yako ni mzima kwa kiasi alichogawiwa. Magoti yanauma asubuhi, mchana yanasahau. Mvua imenyesha mara mbili ikaona inatosha. Mkeo Salwa hajambo. Leo tangu asubuhi ameuza vifaranga hamsini na viwili, na jana alipokea kadi yako yenye picha ya kinu cha upepo. Aliigeuza mara mbili akitafuta maneno. Umeandika, "Huku baridi kali." Amesema nikuambie amesikia.

Sasa linaloniuma. Mama mkwe wako Stara alishuka juzi kutoka Chemba, hata viatu hajavua: "Rukaya, ni kweli kijana wenu huko Ulaya anapasua mayai yenye roho?"

Nikamjibu mwanangu anasomea chakula cha kuku, maana ndivyo ulivyoniaga Septemba.

"Chakula!" Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Mwenzake aliyerudi likizo ndiye kasema. Anapasua, anachungulia kichwa, anatupa. Ndiyo maana..."

Akaishia hapo. Lakini Salwa alikuwa mlangoni na beseni la pumba, na lile "ndiyo maana" alilisikia lote.

Unajua alichotaka kusema. Mtoto wenu wa Juni iliyopita, aliyezaliwa kichwa hakijafunga juu, akaishi dakika arobaini. Nilimwosha mimi. Wewe ulikaa nje unautazama ukuta, miezi mitatu baadaye ukapanda ndege, na tangu siku ile hujamtaja kwa mdomo wala kwa kalamu.

Mimi nimeishia darasa la nne. Mwaka 1983 nilianza na kuku koo mmoja na mayai kumi na moja, na biashara ilipofunguliwa kila mtu akakimbilia mitumba, mimi nikakimbilia mashine ya kutotolea. Leo inalaza mayai mia mbili. Kwa hiyo sikuulizi dini wala uchawi. Nakuuliza hesabu: umepasua mangapi?

Na kwa kuwa unachungulia vichwa, nisaidie hili. Mgao wa umeme ukinipata siku ya kumi na mbili, saa tano nzima, napoteza mayai matatu. Ukinipata siku ya pili, saa tano zilezile, nimepoteza sabini, na kumi na moja wametoka vichwa vimepinda, mmoja hana macho. Saa ni zilezile, umeme ni uleule. Kwa nini?

Shangazi yako,
Rukaya


Utrecht, Uholanzi
20 Machi 1994

Shikamoo shangazi,

Namshukuru Mungu naendelea vizuri. Chumba kina joto, mkate ni mwingi, wali ni wa Jumapili. Nisalimie wote hapo nyumbani, na Salwa.

Ni kweli niliacha masomo ya chakula cha kuku. Sikukuambia, nisamehe. Nimepasua mayai elfu moja mia moja na arobaini.

Swali lako, shangazi, ndilo swali la maabara nzima, na nimelisoma mbele ya wenzangu. Ndani ya yai kila seli ina jeni zote: za jicho, za unyoya, za ubongo. Hakuna seli iliyonyimwa. Ila haziwaki zote pamoja. Ni kama mgao: nyaya zimepita nyumba zote, lakini saa hii wamewasha mtaa huu, saa ile mtaa ule. Jeni moja huwaka mbele tu, pale kichwa kitakapokuwa. Nyingine huwaka nyuma tu. Zinapokutana ndipo panapowekwa mpaka wa sehemu moja ya ubongo na nyingine. Sisi tunatia dawa, na palipowaka panageuka zambarau. Nimekaa naitazama ile zambarau nikasahau kula.

Siku ya pili ubongo si ubongo bado. Ni utando bapa wenye mfereji katikati. Kingo zinainuka, zinainamiana, na kwenye saa ya ishirini na sita zinaanza kugusana ziwe mrija. Saa ya thelathini na sita mrija umefunga kichwani na una vivimbe vitatu: hizo ndizo sehemu tatu za ubongo. Yai likipoa wakati huo, ratiba inavurugika, na kingo zilizokosa kukutana kwa saa yake hazirudii tena. Siku ya kumi na mbili nyumba imeshaezekwa. Baridi inaikuta ina paa. Kwa binadamu ni vilevile, ila kwetu mrija hufunga siku ya ishirini na nane.

Nampa Ulimboka, yule wa Gulwe, anayerudi nyumbani, chupa mbili za vidonge kwa ajili ya kuku wazazi. Kimoja kwa siku, asubuhi, kwa maji. Waanze mara vikifika, maana ukisubiri yai litungwe umechelewa. Ni muhimu wawe wamezoea kabla sijaja likizo Agosti. Ningependa Salwa avisimamie yeye mwenyewe, asimwachie mtu.

Mwanao,
Rahimu


Mkonze
5 Mei 1994

Mwanangu Rahimu,

Waalaykum salaam, na marahaba. Barua yako imefika. Chupa zimefika juzi, tarehe tatu. Ulimboka alikwama Gulwe siku tisa kwa sababu maji yalichukua reli, akakaa amezipakata chupa zako kama bibi harusi na sanduku lake. Mbili, vidonge mia kila moja. Nimevihesabu.

Elfu moja mia moja na arobaini! Hiyo ni mizunguko sita ya mashine yangu kasoro mayai sitini. Hata kwa mgao ningepata vifaranga mia sita tisini na tano. Stara nimemwambia umepasua machache.

Habari ya jeni nimeielewa zaidi ya unavyofikiri, ila usirudie mfano wa mgao. Mgao wa huku hauna ratiba. Ubongo ungejengwa hivyo, sote tungezaliwa na mikia. Mimi nimeifananisha na sambusa: unga ni uleule, nyama ni ileile, lakini usipoibana kona kabla ya mafuta, hakuna ufundi utakaoibana ndani ya mafuta. Nilimweleza Salwa hivyo tukiwa jikoni tunakunja sambusa. Akaacha kukunja.

Kuhusu kuku wazazi, nitafanya ulivyoandika. Naona tu ajabu kidogo, kwa sababu kuku wangu hawajui likizo yako.

Rukaya


Mkonze
2 Julai 1994

Mwanangu,

Sisi wazima. Mzee Yotham wa mashine ya kusaga, anayetugawia umeme, ameoa mke wa pili, kwa hiyo umeme unazimika hata pasipo mgao.

Hesabu yako ni hii. Mzunguko wa Aprili: mayai 200, vifaranga 122. Mzunguko wa Juni: mayai 200, vifaranga 168. Kutoka sitini na moja kwa mia hadi themanini na nne. Vichwa vilivyopinda: hakuna. Lile boksi langu la zamani la taa ya mafuta nimelitoa stoo pia. Vidonge vinakwenda kimoja kwa siku kama ulivyoagiza.

Rukaya


TELEGRAMU
Utrecht, 20 Julai 1994

VIDONGE SIO VYA KUKU. ACHA MARA MOJA. RAHIMU


Utrecht
21 Julai 1994

Shikamoo shangazi yangu,

Nimetuma telegramu jana na sijalala. Nianze wapi? Vile vidonge ni vitamini ya foliki. Ni vya Salwa.

Niliona haya. Barua za Mkonze husomwa na nyumba nzima, na mimi ni mwanamume, ningekuandikiaje wewe, dada wa baba yangu, mambo ya mke wa mtu kabla hata mimba haijaingia? Nikaandika kuku, nikajua utaelewa. Na kwake nilishindwa zaidi. Ningemwambiaje "meza hiki" bila kumwambia kwamba chanzo cha lile la Juni kilikuwa mwilini mwake? Si kosa lake. Si kosa la mtu. Lakini sikujua namna ya kuliandika hilo kwenye kadi.

Hesabu ni hii, kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu. Katika kila wanawake mia waliowahi kupata mtoto wa namna ile, watatu au wanne hurudiwa. Wakimeza hivi vidonge kabla ya kushika mimba, ni mmoja. Kwa nini vinasaidia, hakuna aliye na uhakika. Wanachojua ni kwamba lazima viwe mwilini kabla ya siku ile ya ishirini na nane, na mwanamke wa kwetu siku ya ishirini na nane hata hajauambia mto wake wa kulalia.

Sasa vimeliwa na kuku. Nina huzuni ambayo siwezi kuieleza.

Pia, profesa wangu ameona zile takwimu zako akasimama kwenye kiti. Anauliza: majogoo walikuwa wangapi?

Mwanao mwenye kukosa,
Rahimu


Utrecht
12 Oktoba 1994

Shikamoo shangazi,

Nilifika salama. Natumaini nyote hamjambo, na kwamba magoti yamepata nafuu.

Siku ishirini na tisa nilizokaa Mkonze sikusema kitu. Unakumbuka tarehe 19 Agosti, posta walipoleta ile barua yangu ya Julai nami nimekaa barazani? Nimesafiri nikaitangulia barua yangu mwenyewe! Uliipokea, ukaitazama, ukanitazama, ukaifutika kwenye kanga, ukauliza kama nitaongeza chai. Salwa alikuwa amekaa katikati yetu anachambua mchele. Hakuinua uso.

Siku ya kuondoka nilikupa chupa ya tatu pale stesheni, nikasema, "Shangazi, hii..." Ukanijibu, "Kuku watashukuru." Nimekaa ndani ya treni hadi Dar es Salaam nalitafuna jibu hilo.

Nakuuliza wazi. Je, Salwa alimeza? Je, kuna habari yoyote? Kama ipo, siku ya ishirini na nane imeshapita, na hakuna nitakachoweza kubadili. Nataka kujua tu.

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya wataalamu arobaini nikaeleza kuku wako. Sitini na moja hadi themanini na nne. Walipiga makofi.

Rahimu


Mkonze
20 Novemba 1994

Mwanangu Rahimu,

Waalaykum salaam. Barua yako imetembea siku thelathini na moja. Ubongo wa mtu unajifunga kwa ishirini na nane. Basi hata ungekuwa na la maana la kuniambia, lingefika kichwa kimeshaamua.

Telegramu yako kwanza, maana ulipokuwa hapa nilikustahi. Karani wa posta aliisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima: vidonge sio vya kuku, acha mara moja. Kufika adhuhuri soko zima linajua Rukaya analisha kuku dawa za wazungu. Wateja tisa wamehamia kwa mwenye banda jirani, ambaye vifaranga vyake vinatembea kinyumenyume. Mmoja alinijia hapa: "Mama Rukaya, mayai yako ukiyala unaota ndevu?" Nikamwambia, mwenzangu, nimeyala miaka kumi na moja, tazama mwenyewe.

Stara yupo hapa tangu wiki iliyopita. Amekuja na hirizi na magunia mawili ya ulezi na hasemi ataondoka lini. Amepiga marufuku Salwa kula mayai, eti mtoto wa mlaji mayai hutoka hana nywele. Mayai! Ndani ya nyumba iliyojengwa kwa mayai! Nikamuuliza mtoto yupi, mbona hapa hakuna anayezungumzia mtoto. Akasema hata yeye hazungumzii mtoto, anazungumzia mayai. Tukaliacha hapo. Usiku wake nilimpikia Salwa mawili ndani ya mlenda, hayaonekani.

Kwenu mnachungulia ndani ya gamba mkaona kila kitu saa ya ishirini na sita. Kwetu kisichotokeza nje ya kanga hakiandikwi. Habari nyingine hamna.

Majogoo walikuwa kumi na wanne.

Rukaya


Utrecht
3 Januari 1995

Shangazi, shikamoo.

Stara hawezi kuacha ng'ombe zake Chemba kuja kulinda mayai. Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Ninapochungulia mayai siku hizi nayahesabu kwa mia. Nikipata moja ambalo halijafunga, naliweka kando, nahesabu upya. Nisaidie. Niandikie mstari mmoja: alimeza au hakumeza. Ni watatu na nusu au ni mmoja?

Rahimu


Mkonze
17 Mei 1995

Mwanangu Rahimu,

Assalaam alaykum. Keti kwanza.

Ijumaa tarehe 12, baada ya adhuhuri, Salwa amejifungua mtoto wa kike. Kilo tatu na robo. Nilimpokea mimi pamoja na mkunga, na kabla sijaangalia kingine chochote nilipitisha kiganja kutoka kwenye paji hadi kisogoni, na kidole kimoja kutoka kisogoni kushuka uti wote wa mgongo. Nikarudia. Kisha nikachukua tepu yangu ya kushonea: sentimita thelathini na nne kuzunguka. Utosi unapwita chini ya ngozi. Kumefunga, Rahimu. Kote kumefunga. Stara ananiambia nikuandikie kwamba nywele ni haba. Nimeandika.

Kutoka siku ile barua yako ilipoletwa barazani hadi Ijumaa ni siku mia mbili sitini na sita. Sisemi kitu, nahesabu tu.

Sasa jibu lako. Wewe msomi wa kuku, umewahi kuona kuku anayemeza kidonge kwa maji, asubuhi, kimoja kwa siku? Kuku wazazi wangu ni arobaini. Vidonge mia mbili ni vya siku tano. Ulidhani shangazi yako hajui kugawanya? Tarehe tatu Mei chupa zilifika, jioni ileile nilimwita Salwa jikoni nikamwambia: mumeo ameleta dawa ili kingo zifunge, na anaogopa kukuambia. Alizipokea chupa, akafungua moja. Akasema, "Mwambie kuku wameanza." Alianza kesho yake. Mpaka siku ya ishirini na nane ya huyu mtoto, tarehe 16 Septemba, alikuwa amemeza mia moja thelathini na sita. Hakuruka hata kimoja. Nilikuwa nahesabu vilivyobaki kila Ijumaa.

Kwa nini sikukuandikia? Nilitaka. Ni yeye aliyekataa. "Akiniuliza mwenyewe nitamjibu." Siku ishirini na tisa ulikaa naye nyumba moja. Asubuhi alikimeza mbele yako, Rahimu, kwa kikombe cha bluu, na wewe ukainama kufunga viatu. Halafu zikaja barua, zote kwangu. Kwake ilikuja kadi yenye picha ya ng'ombe.

Watatu na nusu au mmoja, unauliza. Mimi mashine yangu ikipoteza watatu na nusu kwa mia nachinja mbuzi. Hesabu hiyo hata bila dawa ni nzuri kuliko nilivyoogopa, na usiku ule nilipoisoma nilipumua. Kisha nikamtazama Salwa amelala, nikaona kwamba yeye si mia. Ni mmoja. Kwake ni yote au si kitu. Hilo hesabu haiwezi kulibeba, kwa hiyo mtu ndiye alipaswa kulibeba pamoja naye, na mtu yule alikuwa anahesabu mayai.

Kuhusu wataalamu wako arobaini. Sijawahi kudanganya takwimu. Themanini na nne ni kweli. Ila kuku hawakuonja kidonge hata kimoja. Barua yako ya Machi ilisema siku ya pili ndiyo inayobana kona, basi nikayalaza mayai siku tatu za kwanza ndani ya boksi la taa ya mafuta, lisilojua mgao, ndipo nikayahamishia kwenye mashine ya umeme. Nilikuandikia kwamba nimelitoa boksi stoo. Ukauliza majogoo. Sasa itabidi usimame tena mbele yao uwaambie ni taa ya chemli. Waambie pia jina la mwenye taa, maana kwenye makofi sikutajwa.

Kesho ni siku ya saba, mtoto anapewa jina. Barua hii ikitembea kama zile nyingine, utaisoma katikati ya Juni, jina limeshazoeleka vinywani mwa majirani wote. Ningeweza kukuandikia hapa. Karatasi ipo, wino upo. Salwa amenikataza.

Yule wa kwanza, wa dakika arobaini, alikuwa na jina. Salwa alimpa kabla sijamaliza kumwosha, akaniambia sikioni. Kaburi lake nalipalilia mimi. Mwaka wa pili unafika mwezi ujao, na hujawahi kuuliza aliitwa nani.

Kwa hiyo usinijibu mimi. Mwandikie mkeo, barua, si kadi. Muulize jina la yule. Akikujibu, atakuambia na la huyu.

Shangazi yako,
Rukaya binti Seleman